Soko la Krismasi la Nuremberg: nenda asubuhi, nenda na njaa

Niseme mapema kwamba mimi naoka keki za oda, sinywi pombe na sili nguruwe. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyekwenda Christkindlesmarkt, ndilo soko la Krismasi la Nuremberg, Ujerumani, kufuata vya kuoka na kazi za mikono. Anayetaka kujua kibanda kipi kina mvinyo wa moto mtamu zaidi asinitegemee.

Soko linafunguliwa Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kila siku ni saa nne asubuhi hadi saa tatu usiku, ila tarehe 24 Desemba wanafunga saa nane mchana. Ukishuka kituo kikuu cha treni unaweza kupanda treni ya chini ya ardhi, U1, hadi kituo cha Lorenzkirche, lakini tembea tu, hata robo saa nyingi. Unashuka na barabara ya Königstraße, unavuka mto Pegnitz, na harufu ya mdalasini na moshi wa soseji inakupokea kabla hujaviona vibanda.

Wifi yangu, mwenyeji wa huko, alinionya: "Wifi, siku ya kazi asubuhi. Jumamosi jioni kule si kutembea, ni kusukumwa." Tulikwenda asubuhi, na Jumamosi jioni tukapita pia, nikaona alichokuwa anasema. Jumamosi hutembei kwa hiari yako. Umati unakubeba, ukitamani kusimama kwenye kibanda umeshakipita, na kikombe cha jirani kinamwagika kwenye mkono wa koti lako. Asubuhi ya siku ya kazi wauzaji wana nafasi ya kuzungumza, na kwangu hiyo ndiyo tofauti kati ya safari nzuri na hasara.

Vibanda ni vya mbao, juu vimefunikwa kitambaa cha mistari myekundu na myeupe, karibu 180 vimepangwa uwanja wa Hauptmarkt mbele ya kanisa la Frauenkirche. Mapambo ya plastiki na muziki wa kurekodi haviruhusiwi. Mwanzoni niliona ni ukali wa bure, mpaka nilipogundua kwamba naweza kusikia watu wakiongea. Ushahidi wa zamani kabisa wa soko hili ni wa 1628. Majengo yanayolizunguka ni habari nyingine: tarehe 2 Januari 1945 mabomu yaliuangusha mji huu wa kale karibu wote, kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokipiga picha kimejengwa upya. Wamejenga vizuri, siwanyimi haki yao.

Sasa Lebkuchen, zile keki ndogo za viungo, maana ndizo zilizonipeleka. Jina Nürnberger Lebkuchen linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 1996: kama haikuokwa ndani ya mipaka ya mji, haiitwi hivyo. Lakini hata ndani ya jina hilo kuna madaraja, na hapo wageni wengi wanapoteza pesa. Ile mioyo mikubwa iliyoandikwa kwa sukari na kufungwa utepe wa kuvaa shingoni ni pambo. Ni migumu, na ladha yake ni sukari na basi. Tafuta neno Elisen kwenye mkebe. Elisenlebkuchen lazima iwe na angalau asilimia 25 ya lozi, jozi (kokwa za walnut) au hazelnati, na unga usizidi asilimia 10. Mwokaji akisoma hivyo anajiuliza: sasa inashikana na nini? Inashikwa na mayai, sukari na hizo lozi zilizosagwa, na kwa kuwa donge lenyewe linanata vibaya sana, wanalipaka juu ya kaki nyeupe nyembamba, jamii ya hostia za kanisani, ndipo linaingia tanurini bila kugandia sinia. Wazo safi. Kaki yenyewe unaila.

Nilinunua moja moja kwenye vibanda tofauti, nikaanza na ile isiyo na chokoleti, kwa sababu chokoleti inaficha makosa. Iliyoshinda zote ilikuwa na sukari nyembamba juu, inayopita mwanga. Ukiuma inavunjika kwa mlio mdogo, ndani kuna unyevu, vipande vya lozi unavisikia kwenye jino. Karafuu inatangulia, mdalasini unafuata, na mwishoni unabaki uchungu mdogo wa ganda la chungwa. Utamu wake hauchoshi. Mama aliyekuwa akiuza, alipojua nami ni mwokaji, alinifungulia mkebe akanionyesha jinsi zinavyopangwa, akasema zikianza kukauka nitie kipande cha tofaa mle ndani, nikibadilishe kabla hakijaota ukungu. Nimejaribu, zinalainika kweli. Kibanda kingine, sitakitaja, kiliniuzia iliyokauka hata kaki imebanduka, na nilipouliza nikajibiwa kwa kunyoosha mkono kwa mteja anayefuata. Bei ilikuwa ileile.

Baada ya hapo kilichonikamata ni Zwetschgenmännle, vidoli vya plamu kavu! Mikono na miguu ni plamu zilizokaushwa na kutungwa kwenye waya, kichwa ni jozi iliyochorwa uso, halafu wanavishwa nguo kamili. Kuna fundi wa viatu mwenye nyundo, kuna bibi na kikapu chake, na kila mmoja ana sura yake kwa sababu hakuna jozi mbili zinazofanana. Wanachekesha na wanatisha kidogo. Bei yao inauma, lakini ukitazama mshono wa koti lenye ukubwa wa kidole gumba huwezi kubishana.

Soseji nazisemea kwa mdomo wa wifi. Zile za Nuremberg ni ndogo, urefu wa sentimita 7 hadi 9, na huuzwa tatu ndani ya mkate mmoja. Ukitaja "Drei im Weggla", foleni yote inakuelewa. Yeye alikula kwa haradali akasema majorama imekolea na ngozi imekauka vizuri. Mimi nilikuwa na karatasi yangu ya lozi za kukaangwa kwa sukari, za moto, na sikuona wivu.

Kwa tusiokunywa kuna Kinderpunsch, juisi ya matunda iliyochemshwa na viungo. Hakikisha umelitamka jina hilo hasa, maana kuna mvinyo wa blubberi unaopendwa sana huko, na kwa rangi vinakaribiana. Kinywaji kinakuja kwenye kikombe cha udongo na unaacha amana ya euro kadhaa. Ukirudisha kikombe unarudishiwa pesa. Beba pesa taslimu kwa ajili ya mambo haya madogo.

Saa sita kamili mchana shingo zote zinageukia saa ya Frauenkirche, iliyotengenezwa 1509, ambako sanamu za wateule saba, wale wakuu waliokuwa na haki ya kumchagua mfalme, humzunguka Kaisari Karl IV mara tatu. Watoto wanashangilia. Mimi ilinichanganya kidogo, kwani kanisa hilo lilijengwa mahali palipokuwa sinagogi, baada ya Wayahudi wa mji kuuawa kwa mamia mwaka 1349, na ni Kaisari huyohuyo aliyeruhusu mtaa wao ubomolewe. Ukiwa na mtoto mkubwa, mweleze.

Kwenye roshani ya kanisa hilohilo ndipo soko hufunguliwa na Christkind, msichana wa mji anayechaguliwa kwa miaka miwili, mwenye taji na joho la dhahabu. Lazima awe haogopi urefu, na ukiona aliposimama utaelewa sababu. Mwaka 2019 alichaguliwa binti ambaye baba yake ametoka India. Tawi moja la AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia cha Ujerumani, liliandika maneno ya kibaguzi mtandaoni, na wenyeji, meya akiwemo, wakasimama upande wa binti.

Wenye watoto wadogo waende Hans-Sachs-Platz, hatua chache tu, kwenye soko la watoto lenye bembea ya kuzunguka ya ghorofa mbili. Karibu na ukumbi wa mji kuna pia vibanda vya miji rafiki ya Nuremberg. Nilichukua kahawa ya San Carlos, Nikaragua, nayo ilikwenda na Elisen kuliko kinywaji chochote nilichoonja pale.

Mikebe yenye picha za mji inapendeza, lakini unalipia mkebe. Ukitaka kula zaidi ya kupamba kabati, omba zile za mfuko wa kawaida: Lebkuchen ni hizohizo.