Usukani wa ndege wa laki saba, na siku ulipojilaza kushoto nikitua Zanzibar

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mnivumilie. Miezi kadhaa iliyopita nilinunua usukani wa ndege, ule unaobanwa ukingoni mwa meza na kuchomekwa kwenye kompyuta, katika duka moja la Kariakoo. Nilitoa laki saba taslimu, fedha nilizozidunduliza kwa muda mrefu. Jina la duka nalihifadhi, na la kampuni iliyoutengeneza pia, maana sitafuti kesi na mtu. Una vitufe vingapi na una uzito gani, hayo yameandikwa kwenye boksi. Ninachotaka mjue ni kilichonipata nikiwa futi 400 kutoka ardhini, ndege imeshapangwa, imebaki maili moja na kitu nifike.

Lakini kwanza mjue ninavyoruka, la sivyo mtaniona kama alivyoniona yule kijana wa dukani.

Mimi siruki ili kupitisha muda. Nilianza na FlightGear, ile programu ya bure ya kurusha ndege kwenye kompyuta, nikiwa na kibodi tu, baadaye nikahamia X-Plane, nyingine ya aina hiyo. Ndege yangu ni moja, Cessna 172. Sijawahi kutamani Boeing, maana hii ndogo bado sijaimaliza. Misaada yote ya kompyuta nimeizima. Nikitia moto wote, yaani nguvu zote za injini, wakati wa kuondoka, pua inavuta kushoto kama Cessna ya kweli inavyovuta, na lazima niizuie kwa usukani wa mkia. Nikienda Arusha, uwanja ulio zaidi ya futi 4,500 juu ya usawa wa bahari, napunguza mafuta kwenye mchanganyiko kwa sababu hewa ya kule ni nyepesi. Nisipopunguza, injini inakoroma na haitoi nguvu zake zote. Najua vizuri kwamba saa ninazoruka sebuleni haziingii kwenye daftari la leseni. Sijali. Nataka nijue ndege inarushwaje, kwa kadiri mtu wa Tabata asiye na fedha za chuo cha urubani anavyoweza kujua.

Na hali ya hewa naipakua ya saa ileile. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikivuma Zanzibar, natua njia ya ndege namba 36, uso wangu kaskazini, nikitokea upande wa baharini kusini. Ikiwa kusi, upepo wa kusini, napita juu ya mji, nageuka, natua 18, yaani njia ileile kutokea kaskazini. Mtu wa bara atalazimika kusoma vitabu aelewe hilo. Sisi wa Bagamoyo tumelikuta. Upepo uleule uliowapangia wazee siku ya kung'oa nanga ndio leo unaoipangia ndege itue upande gani, kwa sababu ndege, kama jahazi, haina ubishi na upepo. Hata neno rubani tulikuwa nalo vyomboni kabla ndege hazijaja.

Mjomba wangu alikuwa nahodha. Nikiwa mdogo aliwahi kunishikisha kana, ule mkono wa usukani wa jahazi, akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. Nikasikia maji yanasukuma ubao, ubao unasukuma kana, kana inasukuma kiganja changu. Alisema chombo hukisikia mkononi kabla hujakiona kwa jicho. Nilipoanza kuruka kwenye kompyuta nilikuwa nautafuta mguso ule, na ndiyo maana sikununua kadi kubwa ya picha wala skrini ya pili. Nilinunua usukani.

Kwa sababu kutua ni kazi ya mkono. Cessna 172 ikiwa na flapu zote chini, vile vibao vya nyuma ya mabawa, inakuja kama noti 65, yaani kilomita 120 kwa saa hivi, na mwendo huo unaushika kwa pua: ukiinua unapungua, ukishusha unaongezeka. Nguvu ya injini inakupa kiasi cha kushuka. Sasa hiyo pua haivutwi kwa nguvu kama ng'ombe wa jembe. Ni kusogeza usukani upana wa ukucha, unasubiri, unarudisha nusu. Ukizidisha kidogo ndege inapanda, mwendo unakufa, na mwendo ukifa mabawa yanaacha kubeba. Usukani wa mezani tayari una upungufu mmoja mkubwa: springi yake inaurudisha katikati palepale siku zote, wakati kwenye ndege ya kweli ukirekebisha trimu, kile kigurudumu cha kuupunguzia mkono mzigo, usukani wenyewe unahamia mahali papya na kutulia hapo. Huku nyumbani unashikilia, unazungusha trimu, unaachia taratibu mpaka springi na trimu zipatane. Ilinichukua wiki nyingi kuzoea. Nilizoea. Upungufu huo nilishausamehe.

Nisichoweza kusamehe ni jioni ile.

Nilikuwa nimeondoka Dar kabla ya magharibi. Kaskazi ilikuwa inavuma Zanzibar kama noti kumi na mbili, imeelemea kulia kidogo. Nikavuka mkondo wa bahari, nikajipanga na 36 nikiwa mbali, pua nimeielekeza kulia kidogo kuukabili upepo. Flapu moja, flapu mbili, flapu zote. Mwendo 65, umetulia kabisa, sijawahi kuushika vile. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai, kitu ambacho hakifanyi mara nyingi. Futi 500. Futi 400. Mkono wangu haukusogea, naapa, nilikuwa nimeushikilia kwa vidole vitatu tu. Ndege ikajilaza kushoto ghafla, kama imepigwa kofi. Nikarudisha kulia. Ikakubali, halafu ikalala kushoto tena, zaidi. Nikatia moto niondoke nijaribu upya, lakini mabawa yalishakaa vibaya, mwendo ulishaanguka, na ndege ikaingia kwenye minazi. Mke wangu akasema "pole" kwa sauti ndogo, akaondoka na chai yake.

Usiku ule nilifungua ukurasa wa kupimia usukani kwenye Windows, ule wenye alama ndogo ya msalaba inayokuonyesha kompyuta inaona nini. Nikaondoa mikono yote miwili. Msalaba ulitakiwa ukae katikati kama msumari. Ulikuwa unacheza. Unatulia sekunde tatu nne, unaruka kushoto, unarudi, unatetemeka. Hakuna aliyeugusa. Nilikaa pale kama nusu saa naurekodi kwa simu ili nisije nikaambiwa nasema uongo.

Kesho yake nikafunga safari na boksi langu hadi dukani. Kijana aliyeniuzia alinikumbuka. Nikamwonyesha video. Hakuimaliza. Akasema, "Mzee wangu, hili si la gemu? Watoto wanacheza nalo hilohilo na hawalalamiki." Nikamweleza taratibu, kwa heshima, kwamba ndege inajilaza yenyewe ikikaribia kutua. Akawageukia wenzake wawili waliokuwa wamekaa juu ya maboksi akawauliza, "Sasa abiria wangapi wamefariki?" Wakacheka. Wote watatu. Mimi nimesimama na usukani mkononi kama mtu aliyeleta sufuria lililotoboka.

Waranti, akasema, ni siku saba. Siku ya kununua alisema mwaka mzima, lakini risiti haikuandikwa hivyo, na hilo ni kosa langu kutosoma. Kisha akanipa ushauri: niongeze eneo mfu. Kwa wasiojua, eneo mfu ni sehemu ya katikati ambayo unaiambia kompyuta isisikilize usukani. Ukiweka kubwa, kweli kutetemeka hakuonekani. Lakini katikati hapohapo ndipo mkono unapoitua ndege! Ule upana wa ukucha ninaoutumia kutua, kijana anataka niufukie. Nitabaki na usukani ambao ukiugeuza kidogo hakitokei kitu, ukiugeuza zaidi ndege inashtuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba anauza kitu asichokijua na hataki kukijua. Kama angesema "sijui mzee, ngoja niulize," ningerudi nyumbani bila kinyongo. Alichokifanya ni kunicheka.

Tangu siku hiyo kila kitu cha usukani huu kikawa kibaya machoni pangu. Kibanio chake kimechubua meza. Mpini wa flapu unalia kama bawaba kavu. Rangi imeanza kubabuka pale kidole gumba kinapokaa. Nilishaamua nije niwaambie watu wote: msinunue, bora mchome laki saba mpate mwanga. Rasimu ya kwanza ya maelezo haya iliishia hapo.

Sasa nieleze kilichobadilika, maana haki ni haki.

Mtaani kwetu kuna fundi redio, mzee wa makamo, mwenye kibanda kilichojaa redio za zamani. Nilimpelekea kwa kukata tamaa tu. Hakuniuliza ni kitu cha gemu au cha nini. Alisema, "Hebu tuone, kaka." Akafungua skrubu nane, akaufunua, akatazama muda mrefu bila kusema neno. Halafu akanionyesha kwa ncha ya bisibisi kidude cha duara chenye waya tatu. "Hii ni voliyumu," akasema. "Voliyumu ya redio, hii hii." Na kweli. Ndani ya usukani wa laki saba, kinachoiambia kompyuta umegeuza kiasi gani ni kidude cha aina ileile inayoongeza sauti kwenye redio ya bibi yako. Mnaikumbuka redio ikizeeka, ukizungusha sauti inakwaruza krii krii, inapotea, inarudi kwa kishindo? Ndicho kilichokuwa kinatokea. Vumbi na uchakavu kwenye ule utepe wa ndani, mkono wa chuma unapita juu yake, mguso unakatika, na kompyuta inadhani nimegeuza kushoto. Kwaruzo moja la redio, na ndege imeingia kwenye minazi.

Akaipulizia dawa ya kusafishia, akaizungusha mara nyingi huku na huku, akafuta, akafunga. Elfu tano. Nilimpa kumi akanirudishia tano.

Msalaba ukasimama. Ulisimama katikati kama msumari, na mimi nikabaki nautazama kama vile nilivyoutazama ukicheza. Usiku huohuo nikarudi njia ileile, Dar, mkondo, 36. Kwenye futi 400 nilisikia jasho kiganjani, sisemi uongo, nikisubiri lile kofi. Halikuja. Nikaendelea. Juu ya kizingiti, pale njia inapoanzia, nikaondoa moto, nikaanza kuinua pua kidogo kidogo, ndege inataka kukaa, naikatalia, inataka, naikatalia, mpaka magurudumu ya nyuma yakagusa na mimi sikujua ni lini hasa yaligusa. Kwa mara ya kwanza tangu jahazi la mjomba nilikisikia chombo mkononi. Springi ni springi na plastiki ni plastiki, lakini nilikisikia. Nikamwita mke wangu aje aone ndege imesimama. Alikuja.

Kwa hiyo nasema nini? Jana ningesema msiuguse. Leo nasema usukani wenyewe si mbaya, ukiwa na fundi. Umeundwa vizuri mahali pengi na umewekewa kidude cha bei poa mahali panapobeba kila kitu, na hilo linaniuma zaidi kuliko kama ungekuwa mbovu wote, kwa sababu mtu aliyeuchora alijua. Fundi ameniambia ukweli pia: dawa haidumu, utepe ukishalika umelika, itarudi. Anataka tuweke senso ya sumaku, ambayo haina mguso kwa hiyo haina cha kuchakaa. Na imesharudi kweli, si kama mwanzo, katetemeko kadogo usiku wa juzi nikiwa juu ya kisiwa cha Chumbe. Nilikasirika upya. Nikafuta sentensi mbili za sifa nilizokuwa nimeziandika hapo juu, kisha nikazirudisha.

Duka lile sitaingia tena. Tatizo ni kwamba nataka pedali, nimechoka kuukanyaga usukani wa mkia kwa vitufe viwili vya kibodi, na nimezunguka Kariakoo yote, pedali wanazo wao tu. Nitamtuma mpwa wangu. Nimemwambia azichomeke palepale kwenye kompyuta yao, afungue ukurasa ule wa kupimia, aondoe miguu yote miwili, na atazame mpaka waanze kukereka. Zikitulia alipe. Na risiti aisome kwa sauti mbele yao.