Rivyu: Digrii ya uuguzi, uanzie diploma au uingie moja kwa moja?

Kila msimu wa kuomba vyuo ukifika napata meseji zilezile, "dada we si ni nesi, mtoto asome diploma au digrii, na kazi zipo kweli?" na mi huwa najibu kipande kipande nikiwa nimetoka zamu macho hayafunguki. Leo niko ofu, nimeamua niandike yote kwa pamoja kama mtu anavorivyu simu au friji, maana hii nayo ni bidhaa jamani, unailipia, unakaa nayo maisha, na ukishainunua hairudishwi dukani.

Niseme kwanza nimetumia nini. Mi nilianza na diploma miaka 3, nikapiga kazi wodini miaka 4, ndo nikarudi kusoma digrii ya kujiendeleza miaka 2, nusu darasani nusu mtandaoni, huku zamu zinaendelea kama kawa. Mdogo wangu yeye aliunganisha, katoka shule kaingia digrii moja kwa moja miaka 4. Kwa hiyo ndugu wawili bidhaa mbili, na tumezilinganisha mpaka tukachokana.

Nyota zangu: njia ya diploma halafu kujiendeleza naipa 4 kati ya 5, digrii ya moja kwa moja 3 na nusu, na hiyo nusu iliyopungua ukilinganisha na ya diploma ni kosa la vyuo, digrii yenyewe haina shida.

Tuanze na ya mdogo wangu. Uzuri wake ni kwamba unamaliza ukiwa bado kijana, mlango mmoja tu umepita, hutakiwi kurudi darasani na miaka 30 na kitu huku umeacha watoto nyumbani. Alafu kuna nchi ambazo bila digrii huingii kabisa, mfano Uingereza tangu 2013 nesi mpya anatoka na digrii, hakuna tena kozi ya kusajiliwa ya chini ya hapo, na Australia nako muuguzi aliyesajiliwa kamili ni wa digrii, wa diploma anasajiliwa daraja jingine na anafanya kazi chini ya usimamizi. Marekani sasa ni kituko, wa chuo cha miaka 2 na wa digrii ya miaka 4 wanakaa mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, na wanapata leseni ileile. Tofauti inakuja baadae kwenye kuajiriwa na kupanda cheo, na jimbo la New York walipitisha sheria 2017 kwamba wa miaka 2 anaanza kazi vizuri tu ila ana miaka 10 ya kupata digrii. Hiyo sheria naipenda kwa kweli, inakubali kwamba mtu anaweza kuanza na mikono akamalizia na kitabu.

Ubaya wake ni mikono yenyewe. Mdogo wangu siku ya kwanza wodini angeweza kukueleza moyo unavyoshindwa kusukuma damu hatua kwa hatua mpaka daktari akakaa kumsikiliza, lakini kuweka kanula, kale kamrija ka kwenye mshipa, alijaribu mara tatu kwa mzee wa watu mpaka mzee akamwambia "mwanangu pumzika kidogo". Alinipigia analia chooni. Nikamuuliza chuoni mlijifunzia wapi, akasema kwenye lile doli la plastiki, wanafunzi wengi, kila mtu zamu yake dakika mbili. Doli haliogopi wala halivuti mkono, na mishipa yake yote inaonekana. Sasa mi diploma yangu ilikua kinyume, mwaka wa kwanza tu tulishakua tunaosha wagonjwa, tunapima presha mpaka masikio yanauma, mikono ilijua kabla ya kichwa. Sema kichwa kilichelewa kwelikweli, nilikua natoa dawa najua dozi na muda ila ukiniuliza kwanini hii na hii zisiende pamoja nakua bubu.

Na hapo ndo digrii ilinisaidia, sitaki mtu aniambie ni karatasi tu. Kuna utafiti mkubwa ulichapishwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2014, mtafiti Linda Aiken na wenzake, nchi 9 za Ulaya, waliangalia wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wakakuta kila wauguzi wenye digrii wakiongezeka kwa asilimia 10 uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 unapungua kwa asilimia 7. Wakuu wa vyuo wanaipenda sana hiyo namba. Kipande kingine cha utafiti huohuo hawakitaji, kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi uwezekano huo unapanda kwa asilimia 7. Yaani unasomesha watu digrii alafu unampa mmoja wagonjwa 20, umefuta ulichonunua.

Kuhusu kujiendeleza ukiwa kazini sitaki kudanganya mtu, ile miaka 2 sikumbuki vizuri. Nilikua natoka nait saa moja asubuhi, saa tatu nina kipindi mtandaoni, kuna siku nililala kamera ikiwa wazi na lekchara akaendelea kufundisha, wenzangu wakapiga picha. Asaimenti ya takwimu niliandika meza ya manesi usiku wa manane kati ya kugeuza mgonjwa mmoja na kubadilisha dripu ya mwingine. Inawezekana, lakini ongea na inchaji wako, yaani mkuu wa wodi, kuhusu ratiba kabla hujalipa ada, kabla, sio baada.

Ile ya mtandaoni asilimia mia kwa mtu ambae hajawahi kuwa nesi, achana nayo. Kama una leseni tayari sawa, nadharia unaweza kusoma popote, ila ya kuanza upya huwezi kujifunza kumgeuza mgonjwa kwenye laptopu. Na wale wenye digrii ya kitu kingine wanaotaka kuhamia uuguzi, nchi kadhaa zina kozi za haraka za mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu, nimefanya kazi na wawili waliopita huko, wako vizuri, wamekomaa, ila wanasema ilikua kama kunywa maji kwenye bomba lililopasuka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo laiti ningelijua mapema, na ndo sababu hasa ya rivyu hii. MASAA. Watu wanalinganisha jina la chuo, GPA (wastani wa alama), jengo zuri, hakuna anaeuliza masaa ya vitendo ni mangapi na yanaandikwa wapi. Nilipomaliza digrii nikaomba usajili nje ya nchi, nikajaza fomu, nikatuma vyeti, nikakaa nikijua nimemaliza. Barua ikarudi, wanataka mgawanyo, nadharia masaa mangapi na vitendo mangapi kwa kila eneo, magonjwa ya watu wazima, upasuaji, watoto, uzazi, wazee, afya ya akili. Transkripti yangu ina jina la somo na alama, basi. Nikarudi chuo nilichosomea diploma, sikitaji, baada ya kuzungushwa sana wakanipa karatasi, naangalia afya ya akili upande wa vitendo, sifuri. Sifuri! Wakati nilikaa wodi ya akili wiki 6 nzima, kuna mama alikua kila asubuhi ananiita kwa jina la mwanae na mi naitika. Kumbe mwaka wetu ile rotesheni, yaani zamu ya vitendo ya wodi ile, ilisogezwa mpaka baada ya mitihani, karani akaiingiza kwenye "mengineyo".

Kilichoniokoa ni logibuku, lile daftari la kuandikia vitendo ulivyofanya. Nilikua nimeitunza kwenye begi la zamani, kila ukurasa una tarehe na sahihi ya inchaji, baadhi ya sahihi za watu walioshastaafu. Ilichukua miezi 7 chuo kurekebisha na kutuma barua mpya. Mwenzangu tuliyesoma nae alitupa yake alipohama nyumba, na nafasi aliyokua ameahidiwa ikapita hivohivo.

Na hawa wanaouliza masaa hawakuonei, ndo sheria zao. Umoja wa Ulaya muuguzi wa kawaida anatakiwa awe na masaa yasiyopungua 4,600, angalau nusu yawe vitendo na angalau theluthi moja nadharia. Uingereza wanagawa katikati, 2,300 na 2,300, na wanaruhusu mpaka 600 ya vitendo yafanyike kwa simulesheni, yaani mazoezi ya kuigiza, mengine yote ni wagonjwa halisi. California ndo wakali zaidi, wanataka nadharia na vitendo vya eneo moja viende pamoja kwa wakati mmoja, sio umesoma uzazi mwaka wa 2 alafu wodi ya wazazi umeenda mwaka wa 4, hapo unaweza kuambiwa ukarudie kozi. Na sisi tuliojiendeleza tuna mtihani wa ziada, masaa mengi ya vitendo yako kwenye diploma na sio kwenye digrii, kwa hiyo ukituma transkripti ya digrii peke yake unaonekana hujawahi kugusa mgonjwa. Tuma zote mbili.

Kwa hiyo ukienda kuulizia chuo, waulize vitendo mnafanyia hospitali gani na mko wanafunzi wangapi kwa msimamizi mmoja, masaa mnayaandika wapi, na waliomaliza mwaka jana wangapi wamefaulu mtihani wa leseni kwa mara ya kwanza. Alafu peleka jina la chuo kwenye baraza la wauguzi la sehemu unayotaka kufanya kazi uone kama linatambulika. Chuo kikianza kukuonyesha bwawa la kuogelea wakati umeuliza masaa, we toka taratibu.

Haya, kazi. Hapa watu wanachanganyikiwa na mi siwalaumu. WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yao ya 2025 wanasema dunia ina manesi milioni 29.8 na upungufu ni milioni 5.8, hesabu za 2023. Unasikia hivo unasema basi nikimaliza nagombaniwa. Alafu unamaliza unakaa nyumbani mwaka. Yote mawili ni kweli, maana upungufu unahesabiwa kwa mahitaji ya wagonjwa, na ajira inahesabiwa kwa bajeti ya anaelipa mshahara. Wodi inaweza kuwa inahitaji manesi 12, wapo 5, na nafasi iliyotangazwa ni sifuri. Na ikitangazwa wanaandika "uzoefu miaka 2", sasa mtu mpya autoe wapi.

Mdogo wangu alikaa miezi 9. Kilichomtoa sio GPA, na ana GPA nzuri tu. Intavyuu tatu alizokwenda hakuna hata moja walioiuliza. Waliuliza hivi: una wagonjwa wanne, mmoja anapumua kwa shida, mwingine anaomba dawa ya maumivu, mwingine ndugu zake wanakufokea, wa mwisho anataka kuruhusiwa, unaanza na nani na kwanini. Alafu karatasi ya hesabu za dozi. Lita moja ya maji iende kwa masaa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, matone mangapi kwa dakika? Ni kama 42. Ukiweka desimali pabaya mtoto amepata dozi mara kumi, kwa hiyo hawana huruma na hilo, anaefeli hesabu anaondoka hata kama anajieleza vizuri. Nilimfanyisha hesabu kila siku jioni wiki 3 mpaka akanichukia.

Kingine, kuwa makini na kazi ya kwanza. Kuna rafiki alipata kazi haraka sana kwenye kliniki ndogo, mazingira mazuri, hakuna nait, akakaa miaka 2 anapima uzito na presha na kuandika foleni. Alipoomba hospitali wakamuona kama mtu mpya tu, mpya alieshasahau alichosoma. Wodi ya kawaida ya magonjwa ya ndani au upasuaji inachosha, haina jina kubwa kama ICU (wodi ya mahututi), ila mwaka mmoja pale unaona kila kitu. Na mkataba usome wote, kuna waajiri wanakufunga miaka kadhaa na ukitoka unawalipa.

ICU yenyewe mi nimeingia baada ya digrii, nikiwa na uzoefu wa miaka zaidi ya 4, na wiki ya kwanza nilikua mjinga kabisa, mashine inalia naangalia mashine badala ya mgonjwa. Baadae nikasoma kwamba Patricia Benner, msomi wa uuguzi, aliliandika hilo tangu 1984, zile hatua zake 5 za nesi kuanzia anaeanza mpaka bingwa, na kwamba hata mzoefu ukimpeleka kwa wagonjwa asiowajua anaweza kurudi hatua ya kwanza. Ningelisoma kabla nisingejilaumu sana.

Je mshahara wa digrii na diploma unatofautiana? Sehemu nyingi ndiyo, ila kitandani kazi ni ileile, na hilo linauma kwa wote wawili. Digrii faida yake unaiona ukitaka kutoka kitandani, kufundisha, utafiti, uongozi, masters. Kama unajua hutaki hayo yote na nchi uliyopo inasajili diploma vizuri, wala usikimbilie.

APDETI: nimemuonyesha mdogo wangu hii kabla sijaituma, akacheka ile sehemu ya chooni alafu akaenda chumbani kutafuta logibuku yake. Ameipata, ila kurasa za watoto hazina sahihi hata moja, msimamizi alikua anasema "nitasaini wiki ijayo" mpaka rotesheni ikaisha. Kesho anaenda kumtafuta.