Begi la kamera kwa mtu wa bodaboda: lipi lianze, lipi lifuate

Nikiulizwa "ninunue begi gani la kamera?", nami huuliza: unafikaje kazini? Kama una gari, begi lolote lenye sponji nzuri litakutosha, na unaweza kuishia hapa. Naandika kwa ajili yetu sisi wapiga picha za harusi tunaotoka Mbagala alfajiri kumuwahi bibi harusi saluni Mwenge, daladala kwanza, bodaboda baadaye, halafu tunarudi usiku wa manane na mtaji wote ukiwa mgongoni.

Kabla sijayapanga mabegi kuanzia la kwanza, tandika vyombo vyako kitandani uvipime kwa rula. Mimi nina kamera mbili na lenzi tatu: 24-70, 50 na Canon 70-200 ya f/2.8 (lenzi tunaziita kwa milimita zake, na f/2.8 ni kipimo cha tundu la kuingizia mwanga). Hiyo ya mwisho peke yake ina karibu kilo moja na nusu na urefu wa sentimita 20, na hapo hujavisha hudi, ile kofia ya mbele ya kukinga mwanga. Begi la kwanza nililonunua liliandikwa kwamba linabeba kamera mbili na lenzi nne. Ni kweli lilibeba, ila hizo lenzi nne zilitakiwa ziwe fupi kama kopo la maziwa ya mtoto.

Nafasi ya kwanza: begi la mgongoni linalofungukia mgongoni

Yaani zipu kubwa iko upande unaogusa mgongo wako, si upande wa nje. Ukishalivaa, hakuna mkono utakaoifikia zipu hiyo, hata ukiwa umesimama mlangoni mwa daladala la Gongo la Mboto watu wamekulalia kila upande. Faida ya pili niliijua kwa aibu. Begi langu la zamani lilifungukia nje, kwa hiyo kila nilipotaka kubadilisha lenzi nililaza upande wa mgongo chini. Siku moja ya Aprili, nje ya kanisa, nililaza kwenye udongo mwekundu uliolowa, nikabadilisha lenzi, nikalivaa tena. Nilipiga picha sherehe nzima nikiwa na ramani ya tope kwenye shati jeupe, na mama mkwe wa bwana harusi akaniletea kitambaa na ndoo ya maji mbele ya watu.

Lowepro wana mabegi ya namna hii kwa jina la Flipside. Kampuni hiyo ilianzishwa na Greg Lowe, mpanda milima wa Marekani, na ukivaa mikanda yake ya kifua na kiuno unaelewa kwa nini natamka jina lake. Kwenye bodaboda mkanda wa kifua si pambo. Dereva akikata kona, begi lisilofungwa linakuvuta upande wa pili. Na usikubali kabisa dereva akuambie "nipe niliweke hapa mbele kwenye tanki". Mtetemo wa injini hulegeza skrubu ndogo za lenzi, lakini likiwa mgongoni, mwili wako ndio unaomeza mtetemo huo.

Ubaya wake ni kwamba si la haraka. Keki ikikatwa na lenzi iko mgongoni, imekula kwako.

Ya pili: kisanduku cha sponji ndani ya begi la kawaida

Kwa anayeanza ningeiweka ya kwanza. Unanunua kile kisanduku laini chenye vigawanyio vya kubandua na kubandika, unakiingiza kwenye begi la shule la mwanao au la mtumba, basi. Mpita njia anaona mwanafunzi wa chuo. Kamera moja na lenzi mbili zinakaa vizuri. Angalia tu kwamba begi la nje lina mdomo mpana, maana kisanduku kinachoingia kwa kusukumwa na goti kitatoka kwa kuvutwa kwa meno.

Ya tatu: begi la bega

Hili ni la ukumbini, si la njiani. Linakaa kiunoni, unafungua kwa mkono mmoja, unatoa 50 huku jicho liko kwa MC. Domke F-2 ndilo baba yao: la turubai, sponji kidogo sana, lilibuniwa miaka ya 1970 na Jim Domke, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer. Alitaka begi la kufanyia kazi, na bado ndivyo lilivyo. Lakini ukipita kilo 4 bega moja litakudai kesho yake, na kwenye bodaboda linabembea kama pendulo. Mimi ninalo dogo, tupu, limekunjwa ndani ya lile la mgongoni.

Ya nne: sanduku gumu

Pelican 1510 linazuia maji na vumbi, na ukilidondosha linalia tu. Kwa mwenye Landcruiser anayekwenda Ruaha kiangazi, au anayevuka na boti kwenda Pemba, ningelipandisha hadi nafasi ya kwanza. Kwetu sisi, likiwa tupu tu lina zaidi ya kilo 5. Na kama mteja anakurusha Serengeti kwa ndege ndogo, kiwango cha mzigo mara nyingi ni kilo 15 kwa jumla, tena wanataka mabegi laini ya kukunjika. Utabaki uwanjani unapakua.

Ya mwisho: lile la zawadi

Unanunua kamera, muuzaji anakuongezea begi jeusi lenye jina la kampuni ya kamera kwa herufi nyeupe zinazosomeka toka ng'ambo ya barabara. Sponji yake ni kama ya kandambili iliyoisha. Weka chaja na nyaya humo, liache nyumbani.

Ukiwa dukani

Nenda na kamera yako. Muuzaji wa Kariakoo hatakasirika, na akikasirika nenda duka la jirani. Pakia kila kitu, funga, kisha lishike kwa mpini wa juu na ulitikise. Ukisikia kitu kinagonga, vigawanyio havifai. Weka begi mezani tupu, ingiza mkono, bonyeza kitako kwa kidole gumba. Kidole kikihisi meza, lirudishe. Hapo chini ndipo panapoumia, kwa sababu begi halidondoshwi sana, linatuliwa kwa kishindo kila siku.

Kisha geuza uone mkanda wa bega unapoungana na begi. Mshono mzuri ni mraba wenye alama ya X katikati. Mstari mmoja wa uzi haumalizi msimu wa harusi. Herufi za YKK, kampuni maarufu ya zipu, zisikupumbaze, zinaigwa. Ivute zipu kwenye kona mara kumi, ikikwama mara moja achana nalo.

Ulizia pia koti la mvua la begi, lile linalofichwa kwenye kimfuko cha chini. Kitambaa kinaweza kuzuia maji, zipu mara nyingi haziwezi. Zamani tulijiokoa kwa mfuko wa rambo, lakini tangu Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku, kwa hiyo koti lisipokuwepo utalinunua peke yake.

Mabegi ya mtumba ya Karume ni mazuri kwa bei, nami nimepata mawili huko. Ila pitisha ukucha kwenye kitambaa cha ndani. Kikiwa kinanata au kinamenyeka kama ngozi iliyoungua na jua, joto na unyevu vimekwisha kukila, na vumbi lake jeusi litahamia kwenye sensa ya kamera yako, kile kioo cha ndani kinachonasa picha.

Jambo moja nalisema kwa uchungu: begi ni la safari, si kabati. Baada ya masika moja nilifungua begi lililokaa chini ya kitanda tangu Machi, nikaangalia ndani ya lenzi ya 85 niliyokuwa nayo kwa tochi ya simu, nikaona nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui pembeni mwa kioo. Fangasi. Hupenda giza na unyevu unaozidi asilimia 60, na pwani yetu inampa vyote. Fundi alisafisha, lakini alama zilishachimba kioo. Siku hizi nikirudi kazini naacha begi wazi mpaka likauke, na lenzi zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, ile ya rangi. Ikibadilika rangi naikausha kwa moto mdogo, naanza upya. Ndoo nilinunua kwa mama muuza vyombo pale mtaani, na bado anadhani naweka unga.