Maiki nne, betri tatu: nimeijaribu bodi ya MAX4466

Haya jamani, sikilizeni kwanza. Huo mngurumo nyuma ya sauti yangu si feni wala friji. Ni chaja ya simu, ndiyo inayolisha maiki hizi nne. Subirini niichomoe, niweke betri… Mmesikia? Shwari.

Nimeanzia hapo kwa sababu bodi hizi za MAX4466, yaani maiki yenye chipu yake ya kukuza sauti, zinalaumiwa bure kwa mngurumo huo. Hii hapa, ndogo kama kidole gumba: mbele kapsuli ya elektreti, ndiyo sikio lenyewe la maiki, nyuma kiskurubu cha kuongeza ukuzaji, mara 25 hadi 125. Ndani ya kapsuli mna transista, kwa hiyo inataka umeme wake. Umeme ukiwa mchafu, uchafu unaingia mwanzoni kabisa na kukuzwa pamoja na sauti yako.

Mimi natumia betri tatu za AA, volti 4.5. Ile ya volti 9 msiichomeke moja kwa moja, chipu hii mwisho wake ni 5.5. Kisha kila bodi nimeipa rezista yake ya omu 470 kwenye njia ya umeme, na kapasita ya maikrofaradi 100 kwenda ardhi, yaani upande hasi wa betri, ili kuuchuja umeme huo. Ndiyo, mara nne. Msifanye uvivu hapa.

Upande wa kutoa sauti, siku ya kwanza nilizifunga zote waya kwa waya. Aibu! Sauti ikatoka imekabwa, maana kila chipu ilikuwa inavutana na wenzake. Sasa kila moja inapita kwenye kapasita ya maikrofaradi 10, halafu rezista ya kiloomu 10, ndipo zinakutana. Ila mjue, kwa mpango huu kila maiki inabaki na kama robo ya nguvu yake. Unakaza kile kiskurubu, na sasa inajitokeza ile "shhhh". Tegeni sikio… hiyo. Kwa kwaya au kikao haikeri. Kwa mtu mmoja anayesoma utenzi taratibu, mimi nisingeitumia.

Boksi ni kopo la biskuti, nimeliunga na ardhi. Bila kopo, simu ikiita karibu mnasikia "trr-trr" ndani ya rekodi.

Na mlioniuliza kuhusu MAX9814, bodi nyingine ya maiki: ile inapandisha na kushusha ukuzaji yenyewe. Ukinyamaza kidogo tu, inamtafuta jogoo wa jirani na kumleta mbele. Kwa kikao, sawa. Kwa kaswida, hapana.