Sanduku la mijusi kutoka kwa fundi wa Katuba: mbao safi, kioo cha katikati ndicho kilichoniponza

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Fundi alitaja dola 150, tukavutana, nikalipa 120, na franka kidogo za kijana wa puspus (mkokoteni) aliyelileta hadi duka langu la kushona hapa Kamalondo, Lubumbashi. Kwa pesa hiyo nilipata sanduku la sentimita 120 kwa 60, kimo 60: mbao nyuma, ubavuni na chini, vioo viwili vya kuteleza mbele, kifuniko cha waya juu. Fundi mwenyewe hajui kwamba namwandika, kwa hiyo jina lake naliacha.

Wakaaji wa sanduku ni mijusi wa ndevu wawili. Asili yao ni nyika kavu za Australia, lakini hawa walitotolewa kwa mfugaji wa Afrika Kusini, na mdogo wangu anayeendesha lori akanivushia mpakani Kasumbalesa. Mayai ya mama mmoja, siku moja. Wadogo bado, hata dume na jike hatujajua. Tuliwaita Simba na Tembo, kama chupa za bia za hapa kwetu, na huyo Tembo alistahili jina lake: akikasirika, koo lote linakuwa jeusi kama bia yenyewe.

Mwanzoni nilikuwa nimewaweka katika beseni moja kubwa la plastiki, taa moja, jiwe moja chini ya taa. Tembo alikuwa akimlalia Simba mgongoni saa nzima. Wateja wangu wakija kupima libaya (blauzi) walikuwa wanasimama kutazama: "Ona namna wanapendana!" Hata mimi nilipiga picha. Kumbe kule ni kukalia kiti cha mwenzako: aliye juu ndiye anayekula joto na mwanga, wa chini anabaki kivulini. Simba naye alikuwa na tabia ya kuinua mkono mmoja na kuuzungusha polepole, kama mtu anayesimamisha teksi na hana haraka. Tulidhani anasalimia. Alikuwa anaomba amani. Tembo alimjibu kwa kutikisa kichwa kwa nguvu, juu chini, juu chini, kama baba mkwe anayehesabu mahari. Siku niliyokuta ncha ya mkia wa Simba imeng'olewa ndipo nilipokwenda kwa fundi. Mkia wa mijusi hawa hauoti tena.

Nilimwambia nataka ukuta katikati. Akanishangaa. "Mama, si ni batoto ba tumbo moja? Batapigana juu ya nini?" Nikamuuliza: "Papa, weye na bandugu yako munaikalaka nyumba moya?" Alicheka hadi akaweka msumeno chini.

Sasa sanduku lenyewe. Uzuri wake mkubwa ni mbao. Nilikuwa natamani la vioo vitupu, linang'aa, lakini nyie mnajua usiku wa mwezi wa sita hapa Lubumbashi ulivyo, na umeme unakatika unapotaka. Mbao inashika joto. Mchana napima digrii 40 kwenye jiwe lililo chini ya taa na kama 25 upande wa mbali, na ndivyo wanavyotaka, wachague wenyewe wapi pa kukaa. Kifuniko cha waya nacho nakisifu. Taa ya miale ya UVB, ile inayoiga miale ya jua, ukiiweka juu ya kioo umetupa pesa, kioo kinaizuia. Milango inateleza vizuri, kona zimepigwa msasa. Vanishi ilinuka, nikaliacha sanduku uani wiki mbili kabla ya kumwingiza mtu.

Kosa ni ule ukuta. Fundi, kwa huruma yake, aliweka kioo. "Baonane, basikuwe na upweke." Basi Tembo akahamia kwenye kioo. Kutwa nzima ndevu nyeusi, kichwa kinatikisika, anakwaruza kwa kucha. Simba upande wa pili anazungusha mkono wake hadi nikamhurumia, na nyenje wanatembea mbele ya pua yake bila yeye kuwagusa. Nilimpima kwenye mzani wa jikoni: gramu 19. Tembo 34. Na walizaliwa siku moja!

Jioni ile nilikata kipande cha bitana nyeusi iliyobaki kwenye koti la mteja, nikakibandika kwenye kioo chote kwa gundi ya karatasi. Kabla sijafunga duka ndevu za Tembo zilikuwa zimerudi rangi ya mchanga. Fundi alikuja baada ya siku tatu akabadilisha kioo kwa tripleksi, ubao mwembamba usioonyesha upande wa pili, bila kudai hata franka. Baada ya wiki tatu Simba alikuwa na gramu 31. Anakula peke yake, kwa saa yake, nyenje wasiozidi nafasi iliyo kati ya macho yake mawili.

Jambo jingine mlikumbuke mkiagiza: alitoboa tundu moja tu la taa. Ukigawa sanduku, kila chumba kinataka taa yake, jiwe lake na pango lake la kujificha, la sivyo umemfungia mmoja kwenye baridi. Tundu la pili alilitoboa kwa dola 5, na taa ya pili nikainunua mwenyewe, ghali kuliko nilivyopenda.

Kwa watoto, nampa fundi nyota nne. Kwa wakubwa hapana, si kwa kosa lake: mjusi wa ndevu akikomaa anafika sentimita 50 hivi na mkia, na sanduku hili zima linakuwa chumba cha mmoja. Kwa hiyo jana nimeagiza la pili, bila ukuta, na nimelipa nusu. Ameuliza kama nitayapanga uso kwa uso, vioo vikitazamana. Nimemwambia moja litakaa dukani, lingine chumbani kwangu.