Farmasi ndogo ya Katuba, na miezi 14 ya kuiacha prednisoloni

Naandika kuhusu farmasi ndogo ya mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, ambayo kwa muda wa miezi 14 imeniuzia dawa, imenihesabia dawa, na mara mbili imenikatalia dawa, na kwa yote matatu naishukuru. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nina baridi yabisi ya aina ile inayoshambulia viungo vya pande zote mbili za mwili, vidole na vifundo vya mikono kwanza, na nilikuwa nimemeza prednisoloni kila siku kwa miaka mitatu kabla daktari wangu hajaona kwamba wakati wa kuiacha umefika.

Atakayeshangaa kwamba nalisifu duka la dawa kwa maneno mengi namna hii lazima kwanza aijue dawa yenyewe. Mwaka 1948, huko Marekani, daktari Philip Hench alipompa kotizoni, dawa ya ukoo mmoja na prednisoloni, mgonjwa wa kwanza wa baridi yabisi, mwanamke aliyekuwa hawezi hata kutoka kitandani alitembea baada ya siku chache. Ninaiamini habari hiyo, kwa kuwa mimi pia, wiki moja baada ya kidonge cha kwanza, niliweza tena kushika chaki. Lakini dawa za ukoo huo zikikaa mwilini miaka na miaka humpa mtu uso wa mviringo usio wake, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, na hatimaye huzilaza tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, ambazo ndizo zinazotengeneza kotizoli, homoni ya mwili wenyewe ambayo dawa hizi huchukua nafasi yake. Binti yangu nilimweleza kwa lugha ya darasani: tezi hizo ni kama mwanafunzi ambaye kwa miaka mitatu mwenzake amemfanyia hesabu zote, na sasa unataka kumkalisha peke yake mbele ya mtihani. Ukimwondolea mwenzake kwa siku moja, hana analolijua. Ndivyo mtu aliyezoea dawa hii, akiikatisha ghafla, anavyoweza kuishiwa nguvu, kutapika, na kushukwa na shinikizo la damu hadi kuzimia. Na wapo wanaofariki.

Mpango wa daktari ulikuwa kushuka kutoka 10 mg kwa kupunguza 1 mg kila baada ya wiki nne, huku methotreksati, inayomezwa mara moja tu kwa wiki pamoja na asidi foliki, ikishika kazi ya kuuzuia uvimbe. Kwenye karatasi mpango huo ni mistari kumi. Shida ni kwamba vidonge vya 5 mg nilivikuta kila nilikouliza, lakini vya 1 mg ni vya kutafuta. Katika duka moja karibu na soko, ambalo sitalitaja, nilipewa vidonge ndani ya kimfuko cha plastiki kisicho na jina wala tarehe, na muuzaji akaniambia kwamba ni dawa ile ile. Vilikuwa vya deksamethasoni ya 0.5 mg, dawa ya ukoo ule ule lakini yenye nguvu zaidi.

Nilivipeleka Katuba kwa sababu rangi yake ilinitia shaka, na hapo ndipo nilipoijua farmasi hii. Kijana anayehudumu alivitazama, akanivutia kiti, akachukua kalamu. Alinionyesha kwamba 0.75 mg ya deksamethasoni ina nguvu ya 5 mg ya prednisoloni, kwa hiyo kidonge kimoja cha kile kimfuko kilizidi 3 mg za dawa yangu, na tena hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi na kuzikandamiza tezi zaidi. Kama ningevimeza nikidhani kwamba kila kimoja ni 1 mg, ningekuwa napanda huku nikijihesabia kushuka. Aliniambia, "Mama Mwalimu, hivi sikurudishii mpaka daktari wako ajue," na hakuvirudisha. Wasichana wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe, bila daktari na bila hesabu yoyote, wangefaa kukaa kwenye kiti kile.

Tangu siku hiyo nilikwenda kila mwezi na daftari. Yeye ndiye aliyenishauri niandike, kila asubuhi, ni dakika ngapi vidole vinakaa vikiwa vigumu baada ya kuamka. Ushauri huo ulinisaidia kuliko nilivyotazamia, kwa sababu baada ya karibu kila hatua mwili mzima uliniuma, misuli ikachoka kama ya mtu aliyelima siku nzima, nami nikadhani ugonjwa umerudi. Daftari lilionyesha kwamba uchovu ule ulipita baada ya siku chache, na kwamba viungo havikuvimba. Mara moja tu, nilipofika 7 mg katika baridi ya mwezi wa saba, ugumu wa asubuhi ulizidi saa moja na vifundo vikavimba. Hapo alikataa kunipa kipimo cha mwezi uliofuata, akanirudisha kwa daktari, nami nikakaa kwenye 8 mg kwa wiki nane. Mwenye duka anayekataa kuuza ili mgonjwa apimwe kwanza ni mtu wa kuheshimiwa.

Kasoro zipo. Vidonge vya 1 mg viliwahi kukosekana kwa wiki tatu nzima, wakati nilipopaswa kuingia 4 mg, na sikuarifiwa mapema ingawa namba yangu ya simu wanayo. Ilibidi daktari, kwa simu, aniruhusu kumeza siku moja kidonge kizima cha 5 mg na siku ya pili nusu yake, wastani wa 3.75 mg kwa siku. Kijana yule alihakikisha kwanza kwamba vidonge vina mstari wa kukatia na havina ganda la kulinda tumbo, maana vyenye ganda hilo havikatwi. Bei yao pia iko juu kidogo kuliko ya sokoni, na siku ya Jumamosi mchana hutamkuta mtu.

Nilipofika 3 mg nilipata malaria. Katika hali hiyo mtu hapunguzi wala haachi, kwa kuwa homa kali hudai kotizoli ambayo tezi zilizolala haziwezi kuitoa. Kwenye kadi ndogo aliyoniandikia kijana wa farmasi kwa Kifaransa na Kiswahili, ambayo hukaa ndani ya mkoba wangu, yamo jina la dawa, kipimo, na maneno haya: akitapika vidonge, apelekwe hospitali akachomwe sindano ya hidrokotizoni. Sikutapika. Daktari alinipandisha hadi 10 mg kwa siku tano, kisha nikarudi nilipokuwa.

Kabla ya kuacha kabisa nilipimwa kotizoli ya asubuhi, saa mbili, saa 24 baada ya kidonge cha mwisho. Ilikuwa imepita 300 nmol/L, kiwango ambacho madaktari hukichukua kuwa dalili kwamba tezi zimeamka. Nilikwenda na karatasi ya majibu moja kwa moja hadi Katuba kabla ya kufika nyumbani, na kijana yule aliisoma mara mbili, akaniomba niendelee kuibeba kadi kwa mwaka mmoja zaidi, kwa kuwa tezi zilizoamka juzi zinaweza kuelemewa na upasuaji au ugonjwa mzito.

Bado naenda hapo kila mwezi kwa ajili ya methotreksati. Anayetaka vidonge vya 1 mg aagize wiki mbili kabla ya vyake kwisha, na afike asubuhi, kabla watu hawajajaa, ndipo atapata muda wa kuhesabiwa.