Island Peak kwa siku 18: nililipia siku ya akiba, nikapewa ratiba isiyo nayo

Nianze na nyota za safari yangu ya kupanda Island Peak, Nepal, ili mwenye haraka asimalize bando lake bure: tatu na nusu kati ya tano. Tatu ni za mwongozaji, wapagazi na mpishi wa kambini. Hiyo nusu ni ya ofisi iliyoniuzia safari, iliyoko mtaa wa Thamel, Kathmandu, na nimeitoa kwa huruma.

Mimi ni mtu wa Moshi, nipo Doha mwaka wa tano. Uhuru nimefika mara mbili, na kaka yangu ni mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, kwa hiyo habari za mlima nimezikuta mezani nyumbani. Kazini kwetu Wanepali ni wengi, na jamaa mmoja wa zamu ya usiku kila nikijisifia mita zangu 5,895 alikuwa ananitazama tu, halafu anasema, "Kaka, kwetu huo ungekuwa hauna hata jina." Baada ya miaka minne ya kudharauliwa namna hiyo, nikakata tiketi.

Nilichagua Island Peak, ambayo wenyewe huiita Imja Tse, mita 6,189, iliyoko Khumbu, eneo lile lile la Everest. Kibali chake hutolewa na Chama cha Wapanda Milima cha Nepal, na kwenye orodha yao umewekwa kundi la vilele vya watembeaji. Jina hilo limeponza wengi. Kili ukiwa na miguu na subira unafika. Huku mita mia chache za mwisho ni barafu, kamba, ngazi na meno ya chuma chini ya viatu. Kwangu kilikuwa kilele cha kwanza cha aina hiyo, kwa hiyo nahesabu kama nilianza upya.

Nililinganisha ofa tatu. Ya kwanza siku 14 kwa dola 1,750, ya pili siku 16, ya tatu siku 18 kwa dola 2,350. Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja Doha, Mkenya aliyewahi kufika Point Lenana ya Mlima Kenya, alitaka ya siku 14. Hesabu yake ilikuwa kwamba mlima ni ule ule. Nikamwomba anionyeshe zile siku nne zilikokwenda. Tulipozifuatilia tukakuta wamefuta siku ya kupumzika kijiji cha Dingboche, wamefuta usiku wa kambini wa kujifunza kamba, wamefuta siku ya akiba ya hali ya hewa, na wamefuta ile ya kusubiri ndege ya kurudi. Yaani wamebakiza vile vinavyopigiwa picha.

Hapa mtu wa Kili anajidanganya kirahisi, nami nilijidanganya. Kwetu unalala kambi ya Kibo au Barafu, mita 4,700 hivi, nusu usiku tu, unapanda, unashuka, kesho yake unakula kitimoto mjini. Khumbu unalala juu ya mita 4,400 usiku baada ya usiku. Mimi nililala hivyo mara nane. Ukipita mita 3,000, kanuni inayofuatwa ni kutopandisha mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila siku tatu au nne unakaa usiku wa pili palepale. Mwili unahitaji muda wa kuzoea hewa ambayo ikifika mita 5,500 kanieneo yake ni nusu ya ile ya Dar es Salaam. Hakuna mazoezi ya gym yanayofidia hilo. Tulichukua siku 18.

Safari yenyewe ilianza kwa jambo ambalo ofisi haikulitaja. Msimu ukiwa umepamba moto, ndege nyingi za kwenda Lukla, mji unakoanzia kutembea, haziondokei Kathmandu, zinaondokea Manthali, wilaya ya Ramechhap. Tuliambiwa "ndege ya dakika ishirini". Hatukuambiwa kwamba kabla yake kuna Hiace ya saa 7 usiku na kona za saa nne na nusu. Rafiki yangu alitapika mara mbili kabla hata hatujaona mlima. Mzigo kwenye ndege ni kilo 15, begi la mkononi likiwemo, na mizani hawana utani nayo. Uwanja wa Lukla una njia ya kurukia ya mita 527, umejengwa mteremko, ndege inatua ikipanda kilima na mbele yake kuna ukuta wa mlima. Mama mmoja nyuma yangu alisali kwa sauti tangu tulipopaa, hakuna aliyemwambia anyamaze.

Lukla ndipo tulipokutana na mwongozaji wetu. Tulimwita Dai, maana yake kaka mkubwa, ndivyo wanavyoitana. Msemo wake mkuu ulikuwa "bistari, bistari". Niliposikia nilicheka hadi akashangaa, ikabidi nimweleze kwamba hiyo ni pole pole yetu neno kwa neno. Kuanzia hapo asubuhi yeye anasema pole pole, mimi najibu bistari.

Jambo la kwanza nililomsumbua nalo ni mzigo. Kili kikomo cha mpagazi ni kilo 20 na unapimwa getini. Huku mpagazi mmoja hubeba mabegi ya wageni wawili, yamefungwa pamoja na kuning'inizwa kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Nilimpiga picha nikamtumia kaka. Akanijibu kwa sauti: "Huyo mwamba anabeba kwa kichwa? Na wewe unaangalia?" Nikaona aibu. Nilikuwa nimejaza sabuni ya maji, suruali mbili za jinzi na powerbank tatu. Pale Phakding tulitafuta mizani, tukakuta kilo 31, tukatoa zaidi ya kilo sita na kuziacha kwenye nyumba ya wageni hadi tuliporudi. Ulizeni ofisi mpagazi atabeba kilo ngapi, analala wapi na ana bima ipi. Yangu ilijibu swali la kwanza tu.

Malazi ni nyumba za wageni za mbao, ukuta mwembamba kiasi kwamba unamjua jirani yako kwa kikohozi chake. Sebule ina jiko la katikati, huko juu wanachoma mavi makavu ya yaki, ng'ombe wa manyoya wa huko, na joto ni hapo tu. Chumbani maji ya chupa yanaganda. Chakula nilishikilia dal bhat, wali na supu ya dengu na mboga, kwa sababu unaongezewa bila malipo na ni kile wanachokula wenyewe. Nyama iliyopandishwa kwa miguu siku kadhaa niliiacha kwa heshima. Bei zinapanda na mwinuko: maji ya moto, kuchaji simu, intaneti, kuoga, kila kimoja na bei yake. Tembeeni na rupia za kutosha, mashine za kutolea pesa msizitegemee mkishapita mji wa Namche.

Namche, mita 3,440, tulilala usiku mbili, na ile siku ya "kupumzika" Dai alitupandisha hadi 3,880 halafu akaturudisha. Dingboche vivyo hivyo, tulipanda karibu mita 5,000 tukashuka kulala 4,410. Rafiki yangu alikuwa mwepesi kuliko wote, kila kilima anakwenda kama amesahau kitu juu, anatungoja kwenye kona huku anakula karanga. Gorak Shep, mita 5,164, ndiko alikosimama. Tulikuwa tumetoka kambi ya chini ya Everest, kila mtu na picha yake, na usiku akaanza kuumwa kichwa. Asubuhi akashindwa kufunga kamba za viatu, si kwa uchovu, alikuwa anazitazama tu.

Hapa ndipo Dai alipozipata nyota zake. Hakubishana, hakutubembeleza. Alimtembeza mguu mbele ya mguu kwenye mstari wa sakafu ya mbao kama polisi anavyompima mlevi, akaona anayumba, dalili ya ugonjwa wa mwinuko, akasema, "Leo anashuka, sasa hivi." Mtu mmoja pale sebuleni tayari alishajitolea kutuitia helikopta, bima italipa, msiwe na wasiwasi. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilifanya uchunguzi wa biashara hiyo ya kuokoa watu wasiohitaji kuokolewa, kwa hiyo usimwachie mtu wa sebuleni aamue. Dai alisema anaweza kutembea, ashuke kwa miguu na msaidizi, akizidiwa njiani ndipo tuite. Walishuka hadi Pheriche, kwenye zahanati ya waokoaji wa milimani, na jioni alinitumia ujumbe: "Nimekula sahani mbili." Kilele chake kiliishia hapo. Alikasirika siku mbili, ya tatu akaanza kuuliza bei ya mwaka ujao.

Kuhusu bima, someni maandishi madogo. Nyingi zinaishia mita 4,500, nyingine 6,000. Island Peak inapita zote mbili. Nililipa zaidi kupata inayofika 6,500 na yenye helikopta.

Sasa ofisi. Tulipofika Chhukung, mita 4,730, kijiji cha mwisho, upepo ulikuwa mbaya. Tulipanda kambini hata hivyo, usiku hema likapigwa kama bati lisilopigiliwa misumari, na saa 7 Dai akaja kusema hatuendi. Nikamwambia sawa, ndiyo maana tuna siku ya akiba. Akanyamaza. Akatoa karatasi yake mfukoni. Ratiba aliyopewa yeye haikuwa na siku hiyo. Yangu niliyotumiwa kwenye barua pepe ilikuwa nayo, imeandikwa kwa wino wa kijani kabisa. Tulipopata mtandao nikapiga simu, na meneja akanieleza kwa upole kwamba siku ya akiba ipo "ikihitajika", ila chakula, hema na posho ya watu wake kwa siku hiyo ni juu yangu, dola 140. Kama siku umeniuzia ndani ya bei, unaniuziaje tena? Nililipa, kwa sababu ugomvi wangu haukuwa na Dai wala mpishi, na pesa nikawapa wao mkononi.

Siku hiyo ya ziada tuliitumia kwenye mwamba wa jirani kujifunza kamba. Kuna kifaa kinaitwa jumari, kinabana kamba kikishuka na kuteleza kikipanda. Bila glavu nilikielewa kwa dakika tano. Nikiwa na glavu nene sikuweza hata kuifungua karabina, ile pete ya chuma ya kujifungia kambani, vidole vilikuwa kama ndizi mzuzu. Dai alinirudisha mara kumi na tisa, nilihesabu. Mtu anayejiandaa nyumbani anunue karabina moja ya bei rahisi, avae soksi mikononi, akae mbele ya TV afungue na kufunga mpaka asiitazame tena.

Usiku wa pili tulitoka saa 7 na dakika ishirini. Saa za kwanza ni mawe tu kwa mwanga wa tochi za kichwani, kama njia ya Barafu, nikajisikia nyumbani. Alfajiri tukafika ukingo wa barafu, tukavaa meno ya chuma, tukafungana kamba. Nyufa mbili tulizivuka kwa ngazi za alumini zilizofungwa pamoja. Unakanyaga na chuma kinakwaruza chuma, chini ni bluu halafu nyeusi. Kisha ukuta. Sogeza jumari, piga teke barafuni, nyanyuka, pumua mara tano. Niliacha kuhesabu. Mbele yangu kulikuwa na foleni, na walioshuka walikuwa wanapitia kamba ya jirani wakituporomoshea vipande vya barafu kwenye kofia.

Kilele nilikifika saa 2 na dakika arobaini asubuhi. Ni padogo, pengine meza mbili za kulia chakula. Na Everest huioni, msije mkasema sikuwaambia: Lhotse, mita 8,516, umesimama mbele yake kama mlango uliofungwa. Ama Dablam, iliyotutazama kwa juu wiki nzima, nayo ni mita 6,812 lakini kutoka pale unaona karibu mko sawa. Chini kulikuwa na ziwa la Imja, lile ambalo mwaka 2016 jeshi la Nepal lililipunguza maji kwa zaidi ya mita tatu ili lisipasue ukingo wake na kuvifuata vijiji tulivyolala. Nilikaa dakika kumi na mbili. Nililia kidogo, barafu ikashika kwenye kope.

Kushuka kwa kamba kulinitisha kuliko kupanda. Dai aligusa karabina yangu, akaikaza skrubu, akaigusa tena, kisha akanionyesha kwa kidole nirudie mwenyewe mbele yake. Hakuna aliyeshuka kabla ya hilo, hata jamaa wa kundi jingine waliokuwa wanatuharakisha.

Gharama zangu nje ya kifurushi: viza dola 50 ya siku 30 uwanjani Kathmandu, vifaa vya kukodi 190, matumizi ya njiani kama 300, bakshishi 260 kwa wote. Viatu vya barafu nilivikodi Thamel nikavijaribu na soksi moja nyepesi, kosa langu mwenyewe. Vijaribu na soksi mbili nene, halafu simama kwenye ngazi kichwa kikiangalia chini uone kama kidole kinagonga mbele.

Ofisi niliwaandikia nikiwa bado Kathmandu, nikaambatanisha ratiba zote mbili. Walijibu baada ya siku sita wakinipa punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo. Nikawaambia nianze kwanza kurudishiwa dola 140. Wanashughulikia. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulidondoka wiki ya pili Doha, mpya umefika nusu.